Namna ya kuunga upya njia ya chakula baada ya kuondoa kichwa cha kongosho

Mgonjwa aliyeondolewa kichwa cha kongosho pamoja na duodenamu (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), kifuko cha nyongo na sehemu ya chini ya mrija wa nyongo hubaki mezani akiwa na ncha tatu zilizo wazi: kisiki cha kongosho kinachoendelea kutoa maji ya kumeng'enya chakula, mrija wa nyongo unaoshuka kutoka kwenye ini, na mfuko wa chakula usio na mahali pa kumwaga kilichomo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziunga ncha hizo na utumbo mwembamba. Umeandikwa kwa ajili ya daktari anayejifunza upasuaji huu chini ya bingwa aliye naye mezani, na kwa wauguzi na wataalamu wa usingizi wanaotaka kuelewa ni kwa nini saa za mwisho za upasuaji huenda polepole kuliko zile za mwanzo.

Viungio vitatu hivyo havina hatari sawa. Kiungio cha nyongo kikivuja, mara nyingi hujifunga chenyewe mradi nyongo inapata njia ya kutoka nje, na kiungio cha mfuko wa chakula huvuja kwa nadra. Kiungio cha kongosho ndicho kinachoamua kama mgonjwa atarudi nyumbani mapema, atakaa wodini kwa wiki nyingi, au atapoteza maisha. Maji ya kongosho yanapotoka yakiwa peke yake bado hayana makali kamili, lakini yakikutana na maji ya utumbo vimeng'enya vyake huamshwa, navyo huanza kula mafuta, nyuzi za mshono na kuta za ateri zilizo jirani. Kwa sababu hiyo ninashauri kazi yote ya kuunga upya ipangwe kana kwamba kiungio cha kongosho kitavuja, ili kikivuja kweli madhara yawe madogo.

Wasiwasi huu ni wa tangu mwanzo wa upasuaji wenyewe. Walther Kausch alifanya upasuaji wa aina hii Berlin mwaka 1909, na Allen Whipple wa New York, ambaye jina lake ndilo lililobaki, alichapisha taarifa yake mwaka 1935. Katika taarifa hiyo kazi iligawanywa katika awamu mbili, na kisiki cha kongosho kilifungwa kwa mshono bila kuungwa na utumbo. Visiki vilivyofungwa hivyo vilivuja mara kwa mara, na wagonjwa walikosa vimeng'enya vya kusaga chakula. Ndipo kuunga kongosho na utumbo kulipokuwa sehemu ya kawaida ya upasuaji huu.

Kusoma kisiki kabla ya kushika sindano

Kichwa kikishatoka, simama kidogo ukichunguze kisiki. Kibonyeze kwa kidole. Kongosho lililokuwa na uvimbe wa muda mrefu au saratani iliyoziba mrija huwa gumu, na mrija wake huwa umepanuka. Kongosho la namna hiyo hushika mshono vizuri. Kongosho laini lenye mafuta, lenye mrija wa milimita 3 au pungufu, huchanika chini ya uzi. Kipimo cha kukadiria hatari ya fistula, yaani uvujaji wa maji ya kongosho kutoka kwenye kiungio, kilichochapishwa mwaka 2013 na Callery na wenzake huangalia mambo manne: ulaini wa kongosho, aina ya ugonjwa, upana wa mrija na kiasi cha damu iliyopotea. Inafaa uyataje mambo hayo manne kwa sauti mbele ya timu yako, kwa kuwa kuanzia hapo kila mmoja atajua ni mgonjwa wa aina gani aliyeko mezani.

Shingo ya kongosho ikatwe kwa kisu, hasa pale mrija ulipo, kwa maana umeme wa diathemi huunguza mdomo wa mrija na kuufanya usinyae baadaye. Mishipa midogo inayovuja damu kwenye ukingo wa juu na wa chini ifungwe kwa mshono mwembamba wa 5-0 (namba ya kwanza ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba zaidi). Sehemu iliyokatwa inapaswa kutoa damu nyekundu. Ikiwa imepauka na haitoi damu, kata kipande kingine kuelekea kushoto mpaka uone damu, kwani kiungio kisicho na damu hakiponi, hata kama mkono uliokishona ni hodari namna gani. Kisha kiachanishe kisiki na vena ya wengu iliyo nyuma yake kwa takribani sentimita 2, ili sindano zipate nafasi bila kugusa vena hiyo. Mwisho, pitisha mpira mwembamba ndani ya mrija ili uthibitishe uko wazi. Mara nyingi mdomo wa mrija huwa karibu zaidi na uso wa nyuma wa kongosho kuliko wa mbele, jambo ambalo lina maana kubwa utakapoanza kupitisha nyuzi.

Kuleta kitanzi cha utumbo

Utaratibu unaotumika sana ni ule unaohusishwa na jina la Child: kitanzi kimoja cha jejunamu, yaani sehemu ya utumbo mwembamba inayofuata duodenamu, huungwa kwanza na kongosho karibu na ncha yake iliyofungwa, kisha na mrija wa nyongo, na mwishoni na mfuko wa chakula. Mpangilio huu hufuata mtiririko wa maji yenyewe, na huweka chakula mbali na viungio viwili dhaifu. Wapo wanaotenga kitanzi cha pekee kwa ajili ya kongosho ili maji yake yasikutane na nyongo. Wazo hilo linaeleweka, ila majaribio yaliyofanyika hayakuonyesha kwamba linapunguza idadi ya fistula, nalo huongeza kiungio kingine na muda mezani.

Ncha ya jejunamu, iliyokatwa kiasi cha sentimita 10 hadi 15 baada ya kona ya Treitz (mahali duodenamu inapoishia na jejunamu kuanzia), hufungwa kwa stepla au kwa mshono wa tabaka mbili. Toboa dirisha katika mesokoloni, yaani utando unaoushikilia utumbo mpana, upande wa kulia wa mishipa ya kati ya utumbo huo, kisha upandishe kitanzi kupitia hapo. Kitanzi kisijisokote, kisivutike, na mishipa yake ya damu isibanwe na kingo za dirisha. Kazi ikiisha, dirisha hilo lishonwe likumbatie kitanzi, na tundu lililobaki kwenye kona ya Treitz lizibwe pia, ili utumbo mwingine usije ukapenya humo na kunyongeka.

Kiungio cha kongosho

Hapa ndipo muda utumike bila kuhurumiwa. Njia ninayoieleza kwa kirefu ni ya kuunga mrija na utando wa ndani wa utumbo, ikisaidiwa na nyuzi za umbo la U zinazopita katika unene wote wa kongosho. Njia hii huhusishwa na Leslie Blumgart, na hapa ninafuata umbo lake lililorekebishwa, ambalo mafundo yake hukaa juu ya utumbo badala ya kukaa juu ya kongosho. Vaa miwani ya kukuzia hata kama macho yako ni mazima.

Anza na nyuzi za U. Chukua uzi wa 3-0 au 4-0 wenye sindano pande zote mbili. Ingiza sindano kwenye uso wa mbele wa kongosho, kama sentimita 1 kutoka ukingo uliokatwa, uitoe uso wa nyuma. Shika kwa upana ukuta wa jejunamu kwenye tabaka la nje na la misuli bila kutoboa hadi ndani, halafu urudi kupitia kongosho kutoka nyuma kwenda mbele. Nyuzi mbili hadi nne zinatosha, mmoja wao ukipita pande zote mbili za mrija. Mpira mwembamba uwe ndani ya mrija wakati wote huu, ili sindano isiukamate. Nyuzi hizi zisifungwe bado. Zishikwe kwa koleo, zikiwa na sindano zake, na msaidizi azipange kwa mfuatano usiochanganyika.

Sasa fungua jejunamu mkabala na mrija. Tundu liwe dogo kuliko unavyodhani linahitajika, kwa sababu utando wa utumbo hutanuka, na tundu lililozidi mrija huacha mapengo ambayo mshono hauwezi kuyaziba. Tumia uzi laini wa 5-0 au 6-0 unaoyeyuka polepole, mshono mmojammoja. Pitisha kwanza nyuzi za mbele kwenye ukuta wa mrija peke yake na uzinyanyue, zitaufungua mdomo wa mrija ili uone vizuri ukuta wa nyuma. Kisha pitisha nyuzi za nyuma kati ya mrija na utando wa utumbo, sogeza utumbo hadi uguse kongosho, ndipo uzifunge. Mrija mwembamba huhitaji nyuzi nne hadi sita kwa jumla. Mpana huweza kuchukua nane au zaidi. Zile za mbele zikamilishwe mwisho kwa kuzipitisha kwenye utumbo na kuzifunga moja baada ya nyingine.

Kabla ya kufunga za mbele, amua kama utaacha mpira ndani ya mrija. Mpira mfupi unaobaki ndani huzuia mshono usiushike ukuta wa pili, nao hujitokea wenyewe na choo baadaye. Mpira mrefu unaopitishwa ukuta wa utumbo na kutokea nje ya tumbo huyatoa maji ya kongosho nje kabisa wakati kiungio kinapona. Jaribio lililofanyika Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2007, likiwa na wagonjwa 120, lilionyesha fistula kwa asilimia 6.7 ya waliowekewa mpira wa kutoka nje, dhidi ya asilimia 20 ya wasiowekewa. Kwa kongosho laini lenye mrija mwembamba, mimi hupendelea mpira wa nje, ingawa unaleta kero ya kuutunza kwa wiki kadhaa.

Hatua ya mwisho ni kurudi kwenye zile nyuzi za U. Kila sindano ipitishwe kwenye ukuta wa mbele wa jejunamu, ili nyuzi zikivutwa utumbo ukifunike kisiki mbele na nyuma kama shuka linavyomfunika mtoto. Katika kufunga mafundo, vuta mpaka nyuso mbili zigusane, kisha uache. Uzi unaovutwa zaidi ya hapo hukata kongosho laini au hulinyima damu, na shimo linaloachwa na uzi uliokata huvuja kuliko pengo ulilotaka kuliziba. Vuta nyuzi kwa kufuata mstari wake, bila kuinua juu, na kidole kifike mpaka kwenye fundo.

Kisiki kisipokubali njia hiyo

Mrija ukiwa mdogo kiasi cha kutoonekana vizuri, kuna njia ya kukizamisha kisiki chote ndani ya utumbo. Jejunamu hufunguliwa karibu sawa na upana wa kisiki, hushonwa tabaka la nje upande wa nyuma, kisha tabaka la ndani kuzunguka ukingo uliokatwa, na mwisho tabaka la nje la mbele, hadi sentimita 1 au 2 za kongosho ziwe ndani. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2009 liliona fistula chache kwa njia hii kuliko kwa kuunga mrija na utando, lakini jaribio la Verona la mwaka 2003 halikuona tofauti. Kuna pia njia ya kukiunga kisiki na ukuta wa nyuma wa mfuko wa chakula, ambao ni mnene, una damu nyingi na uko karibu. Kwa njia hiyo kisiki kinahitaji kuachanishwa zaidi, na kuvuja damu ndani ya mfuko ni jambo la kutarajiwa. Jaribio la Johns Hopkins la mwaka 1995 na lile la Ujerumani la mwaka 2016 hayakuona tofauti ya fistula kati ya mfuko wa chakula na jejunamu.

Ninalolisoma katika matokeo hayo yanayopingana ni kwamba mikono iliyozoea njia yake hupata matokeo mazuri kwa njia hiyo. Chagua njia moja kuu na moja ya akiba, uzijue zote mbili hadi timu nzima iweze kutabiri uzi unaofuata. Uchunguzi wa Birkmeyer na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta vifo vya asilimia 16.3 katika hospitali zilizofanya upasuaji wa kuondoa kongosho kwa nadra kabisa, na asilimia 3.8 katika zile zilizoufanya mara nyingi zaidi. Pengo hilo ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyowahi kuonekana kati ya mshono mmoja na mwingine, na ni sababu ya kutosha ya kumhamishia mgonjwa kwenye kituo kinachoufanya mara kwa mara pale inapowezekana.

Kiungio cha nyongo na cha mfuko wa chakula

Sentimita 10 hadi 15 kutoka kiungio cha kongosho, fungua jejunamu upande usio na mesenteri (utando unaoleta mishipa ya damu kwenye utumbo), tundu likiwa dogo kidogo kuliko mrija wa nyongo. Damu ya mrija huu hupita hasa pembeni mwake, kulia na kushoto, kwa hiyo usiuchune kuuzunguka pande zote, na uukate hadi ukingo unaotoa damu. Mrija mwembamba hushonwa kwa nyuzi za 5-0 au 6-0 mojamoja, ukuta wa nyuma kwanza. Mrija uliopanuka huweza kushonwa kwa uzi unaoendelea. Uzi uwe wa kuyeyuka, kwa kuwa uzi usioyeyuka ndani ya nyongo hugeuka kiini cha mawe.

Kiungio cha mfuko wa chakula huwekwa kama sentimita 40 hadi 50 mbele zaidi, na wengi hukipitisha mbele ya utumbo mpana ili kiwe mbali na kongosho. Ukiwa umehifadhi pilorasi, yaani mlango wa kutokea wa mfuko wa chakula, acha kama sentimita 2 za duodenamu baada yake, na uhakikishe kipande hicho kina rangi nzuri. Tatizo la sehemu hii ni mfuko kuchelewa kumwaga chakula, na mara nyingi ukiona mgonjwa anaendelea kutapika baada ya wiki, tafuta kwanza usaha au majimaji karibu na kongosho kabla ya kuulaumu mshono.

Ateri na mipira ya kutoa majimaji

Kisiki cha ateri ya gastroduodenamu, iliyokatwa wakati wa kuondoa kichwa cha kongosho, kinahitaji mawazo yako kuliko urefu wa aya hii unavyoonyesha. Kifunge kwa fundo na kwa mshono wa kupitisha, ukiacha urefu wa milimita kadhaa, na uweke klipu ya chuma pembeni yake ili daktari wa mionzi aweze kuiona akija kutafuta chanzo cha damu. Halafu kifunike kwa kano ya duara ya ini au kwa ulimi wa omentamu (utando wa mafuta unaofunika utumbo), ili maji ya kongosho yakivuja yasikifikie. Weka mpira mmoja nyuma ya kiungio cha nyongo na mwingine karibu na cha kongosho, wala usiulaze wowote juu ya ateri au juu ya mshono.

Siku zinazofuata

Pima amilase, kimojawapo cha vimeng'enya vya kongosho, katika majimaji ya mipira siku ya 1 na ya 3. Kwa vigezo vya kundi la kimataifa la upasuaji wa kongosho vilivyorekebishwa mwaka 2016, amilase iliyozidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, kuanzia siku ya 3, ikiwa haibadilishi hali ya mgonjwa, huitwa uvujaji wa maabara tu. Ikibadilisha matibabu, kwa mfano mpira ukilazimika kukaa zaidi ya wiki tatu au mwingine ukahitajika kuwekwa, hiyo ni fistula daraja B; ikisababisha kurudishwa mezani, kushindwa kwa viungo au kifo, ni daraja C. Amilase ikiwa chini ya yuniti 5,000 kwa lita siku ya 1 na majimaji yakiwa safi, mipira inaweza kutolewa siku ya 3, kwa sababu mpira unaokaa bila sababu huleta vijidudu.

Majimaji yaliyobadilika kuwa ya kijivu au kahawia, homa, na mapigo ya moyo yanayopanda ni sababu ya kupiga picha ya CT siku hiyohiyo. Damu kidogo inayotokea kwenye mpira baada ya siku kadhaa za utulivu ichukuliwe kama onyo la kupasuka kwa ateri, hata kama mgonjwa anaonekana mzima na damu yenyewe imekoma. Mgonjwa huyo apelekwe mara moja kwenye picha ya CT ya mishipa, na kituo kilicho na mtaalamu wa kuziba ateri kupitia mishipa kiwe kimeshaarifiwa.

Chakula kirudishwe hatua kwa hatua, sukari ya damu ipimwe kila siku, na mgonjwa aanzishwe vidonge vya vimeng'enya vya kongosho mara anapoanza kula vya kutosha. Kiasi cha kuanzia ni yuniti za lipase (kimeng'enya cha mafuta) 40,000 hadi 50,000 kwa mlo mkuu na 25,000 kwa kitafunio, vikimezwa pamoja na chakula, vingine mwanzoni na vingine katikati ya mlo. Choo kikiendelea kuwa cha mafuta, chenye kuelea na harufu kali, kiasi kiongezwe na dawa ya kupunguza asidi ifikiriwe, na vitamini A, D, E na K zipimwe katika miadi ya kliniki.